Somo la mazungumzo: Tutajuaje kama siasa ya nchi kwa jirani mshindani imefaa?



Katika kikao kimoja cha mazungumzo tuliuliza swali ambalo tulidhani ni jepesi: je, siasa ya Kongo kwa Rwanda imefaa au haikufaa? Kijana mmoja, mwanafunzi, akajibu mara moja kwamba imefaa, kwa sababu tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili walikutana mjini Washington wakatia sahihi. Mama mmoja anayeuza sambaza na nyanya ng'ambo ya mpaka akacheka. Alisema kwamba yeye hupima siasa kwa saa ya kufunga bariyeri. Mzee aliyekimbia Masisi mara nne akasema kwamba Washington hapajui, lakini shamba lake anajua liko wapi, na hawezi kulifikia.

Baada ya hapo kikao kikageuka kelele. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu asiyeelewa mambo, na wengine walianza kushukiana kwamba fulani anasema hivyo kwa sababu ya kabila lake. Sisi tulioongoza kikao tulirudi nyumbani na aibu kidogo. Kosa lilikuwa letu: tuliwapa watu swali bila kuwapa kipimo. Ni kama kuwaambia watu watatu wapime gunia la viazi, mmoja kwa mizani, mwingine kwa macho, mwingine kwa njaa ya watoto wake.

Somo hili ni jaribio la kurekebisha kosa hilo. Tunazungumza juu ya siasa ya nje, au kama wengine wasemavyo, sera ya mambo ya nje: yale ambayo serikali inafanya ili jirani atende au asitende jambo fulani. Tunachukua Kongo na Rwanda kwa sababu ndiyo hali tunayoishi ndani yake. Shirika letu halina upande, na hatuandiki ili kumhukumu rais huyu au yule. Lakini kutokuwa na upande si kufumba macho. Mambo yaliyoandikwa na Umoja wa Mataifa tutayataja, na mahali ambapo serikali fulani inakana tutasema kwamba inakana.

Kwanza: ilitaka nini?

Huwezi kusema mtu amefika kama hujui alikuwa anaenda wapi. Jambo la kwanza, basi, ni kutafuta lengo lililotajwa, na kulitafuta katika maandishi ya siku ile ile. Tusichukue maneno yaliyosemwa baadaye, wakati kila mtu anajua mambo yaliishaje. Serikali zote duniani zina tabia ya kusogeza goli baada ya mpira kupigwa.

Tuchukue Mapatano ya Pretoria ya tarehe 30 Julai 2002, yaliyotiwa sahihi na Rais Joseph Kabila na Rais Paul Kagame. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Mapatano yale yalikuwa mafupi na lengo lake lilisomeka wazi: Rwanda itaondoa askari wake Kongo, na Kongo itasaidia kuwakusanya, kuwanyang'anya silaha na kuwarudisha kwao Interahamwe na askari wa zamani wa jeshi la Rwanda waliovuka mpaka baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Muda uliopangwa ulikuwa siku 90. Afrika Kusini na Umoja wa Mataifa walikuwa mashahidi wa kuhakikisha.

Matokeo? Kabla mwezi wa Oktoba 2002 haujaisha Rwanda ilikuwa imetangaza kwamba imeondoa askari wake wote, zaidi ya 20,000. Hilo si jambo dogo, na watu wanalisahau. Jeshi la nchi moja lilitoka katika nchi nyingine kwa karatasi, na serikali ya umoja ikaundwa Kinshasa mwaka 2003. Lakini nusu ya pili ya mapatano haikutimia. Wapiganaji wa Kihutu wa Rwanda, ambao walijipanga chini ya jina la FDLR, walibaki kwa maelfu katika misitu ya Kivu. Mwaka 2004 Bukavu ilishambuliwa na Laurent Nkunda pamoja na Jules Mutebutsi, na maneno ya vita yakarudi.

Sasa angalieni jambo ambalo lilitushangaza tulipoweka karatasi hizi mezani moja kando ya nyingine. Novemba 2007, mjini Nairobi, nchi mbili ziliandika tena: Kongo itawaondoa FDLR, Rwanda itafunga mpaka wake na haitasaidia makundi ya Kongo. Tarehe 27 Juni 2025, mjini Washington, mawaziri wa nchi hizo waliandika kwamba Kongo itawamaliza FDLR na Rwanda itaondoa kile inachokiita hatua zake za kujihami. Muda uliotajwa? Siku 90.

Miaka 23, na mabadilishano ni yale yale, hata hesabu ya siku. Msomaji anaweza kusema: basi kila kitu kimeshindwa. Tusikimbilie huko. Ila tunaweza kusema hivi: nchi inapotia sahihi mara ya tatu ahadi ambayo ilikwisha kuitia sahihi mara mbili, sahihi hiyo haiwezi kuwa ushahidi kwamba siasa yake inafaa. Ni ushahidi kwamba jambo bado halijafanyika. Kijana wetu wa kikaoni alihesabu sahihi. Ni kipimo kinachopendwa na magazeti, na na mashirika kama letu pia, maana picha ya watu wanaopeana mikono ni nzuri kuweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa nini mabadilishano haya yanakwama? Kwa sababu kila upande unangoja mwenzake aanze. Kinshasa inasema: ondoa askari wako kwanza, FDLR nitawashughulikia. Kigali inasema: ondoa FDLR kwanza, nami sitakuwa na sababu. Anayengoja hapati hasara kubwa. Hasara inampata mzee wa Masisi, ambaye hakuulizwa.

Pili: kwa gharama ya nani?

Mwaka 2009 ni mwaka mzuri wa kujifunza, kwa sababu siasa ya Kongo iligeuka ghafula. Mwishoni mwa 2008 wapiganaji wa CNDP wa Nkunda walikuwa wamefika kwenye milango ya Goma. Desemba ya mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyosema mambo mawili: kwamba CNDP ilipata msaada kutoka Rwanda, na kwamba jeshi la Kongo lilishirikiana na FDLR. Uholanzi na Sweden zikasimamisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda. Halafu, Januari 2009, adui wakawa wenzi. Askari wa Rwanda waliingia Kongo kwa ruhusa ya Kinshasa katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, kuanzia tarehe 20 Januari hadi 25 Februari, ili kupigana na FDLR. Siku mbili baada ya kuanza, Nkunda alikamatwa ndani ya Rwanda. Mabalozi wakarudi, na tarehe 6 Agosti 2009 Kabila na Kagame wakakutana Goma.

Ukipima kwa lengo tu, ni siasa iliyofaa kuliko nyingi. Jirani alibadilisha matendo. Goma haikuanguka. Nkunda aliondolewa mchezoni.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Baada ya Umoja Wetu ilikuja operesheni Kimia II, iliyosaidiwa na MONUC. Oktoba 2009 muungano wa mashirika 84 ulitoa hesabu tangu Januari: wapiganaji 1,071 wa FDLR walikuwa wameweka silaha chini na kurudishwa kwao. Katika miezi ile ile raia zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa, wanawake na wasichana 7,000 wamebakwa, nyumba zaidi ya 6,000 zimechomwa, na watu karibu 900,000 wamekimbia makwao. Yaani kwa kila mpiganaji mmoja aliyeondoka, raia mmoja aliuawa na saba walibakwa.

Tunaomba wasomaji wakae kidogo na hesabu hiyo kabla ya kugeuza ukurasa. Sisi hatusemi kwamba ilibidi kuwaacha FDLR msituni. Watu wa Walikale na Lubero wanajua walivyoteswa nao. Tunasema kwamba ye yote aliyekaa Kinshasa au Kigali na kuandika "imefaulu" aliandika nusu moja ya daftari.

Kuna gharama nyingine isiyo ya damu. Operesheni ile iliamuliwa bila Bunge kujua. Vital Kamerhe, ambaye wakati huo alikuwa spika wa Bunge la taifa, alilalamika hadharani, na mwezi wa Machi akaacha kiti chake. Siasa iliyofanywa na watu wachache gizani inaweza kwenda haraka, kweli. Lakini wakati watu hao wanapogombana, hakuna anayebaki kuilinda. Na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, yaliyowaingiza wapiganaji wa Nkunda jeshini, ndiyo yaliyozaa jina la M23 miaka mitatu baadaye.

Tatu: je, ni wewe uliyembadilisha?

Hili ndilo swali gumu, na vikundi vingi hulirukia. Jirani anapobadilisha matendo baada ya siasa fulani, haimaanishi amebadilika kwa sababu ya siasa hiyo. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jua halimngoji jogoo.

Tulinganishe nyakati mbili. Novemba 2012 M23 waliingia Goma, tarehe 20, wakakaa siku kumi na moja. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2013, M23 walikuwa wameshindwa na kukimbilia Uganda na Rwanda. Katikati yake mambo mengi yalitokea pamoja. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya 2012 ilisema Rwanda inawasaidia M23, Rwanda ilikana. Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilisimamisha sehemu za misaada yao. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zilitia sahihi Mapatano ya Addis Ababa, ambayo yaliibana Kongo pia: ilitakiwa kurekebisha jeshi lake na utawala wake. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama liliunda kikosi maalum chenye ruhusa ya kushambulia, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Na jeshi la Kongo lenyewe likapigana kwa utaratibu ambao watu wa Goma hawakuwa wameuona siku nyingi.

Sasa rukeni hadi Desemba 2023. SADC ilituma kikosi Kivu ya Kaskazini. Cha nchi zipi? Tanzania, Afrika Kusini, Malawi. Nchi zile zile tatu. Matokeo yalikuwa kinyume kabisa: Januari 2025 Goma ilianguka, askari wa nchi hizo waliuawa karibu na Sake na Goma, na tarehe 13 Machi 2025 SADC iliamua kukiondoa kikosi.

Kifaa kilekile, matokeo tofauti. Basi si kikosi peke yake kilichofanya kazi mwaka 2013. Tukitafuta tofauti tunaona kadhaa. Mara ya kwanza wafadhili walikuwa wamefunga mfuko. Mara ya pili, Februari 2024, Umoja wa Ulaya ulikuwa unatia sahihi na Rwanda mapatano ya ushirikiano katika madini, na vikwazo vizito vilikuja baada ya Goma kuanguka. Mara ya kwanza kikosi kilikuwa ndani ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, wenye helikopta zake. Mara ya pili MONUSCO ilikuwa inafungashwa mizigo kwa ombi la Kongo yenyewe. Na wapiganaji wa upande wa pili walikuwa na nguvu nyingine: Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kivu ya Kaskazini. Kigali inakana kuisaidia M23 na inasema inajihami dhidi ya FDLR. Wataalamu hao hao waliandika pia kwamba jeshi la Kongo limetumia FDLR na Wazalendo kama wasaidizi, jambo ambalo Kigali hulishika kama ushahidi wake. Ukweli huo wa pili haupendwi katika vikao vyetu. Tunauweka hapa kwa makusudi.

Kwa kikundi chenye muda, hili ndilo zoezi tunalolipenda kuliko yote: andikeni nyakati mbili pembeni kwa pembeni, kisha futeni yanayofanana. Yanayobaki ndiyo ya kuchunguza.

Nne: ilidumu kiasi gani?

Ushindi wa 2013 ulidumu miaka minane. Kwa watu wa Rutshuru, miaka minane ya kulima ni kitu, asiwepo wa kuidharau. Lakini kazi ya mezani haikumalizwa. Matamko ya Nairobi ya tarehe 12 Desemba 2013 yalisema wapiganaji wa M23 watarudi, watanyang'anywa silaha, watapata msamaha isipokuwa wenye makosa makubwa, na wakimbizi watarudishwa. Sheria ya msamaha ilitoka 2014. Wengi wa wapiganaji, hata hivyo, waliendelea kukaa kambini Uganda na Rwanda miaka na miaka, na wengine walitoroka na kurudi milimani mwaka 2017. Kila upande una maelezo yake juu ya nani alikawiza. Novemba 2021 bunduki zilisikika tena upande wa Runyoni na Chanzu, na tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilianguka.

Kabla ya hapo palikuwa na wakati wa urafiki ambao watu wengi wanauonea haya leo. Rais Félix Tshisekedi aliingia Januari 2019. Ndege za RwandAir zilianza kutua Kinshasa. Septemba 2019 jeshi la Kongo lilimwua Sylvestre Mudacumura, mkuu wa kijeshi wa FDLR aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walivuka kwenda Gisenyi usiku na kupokelewa. Mwezi uliofuata marais walitembeleana Gisenyi na Goma, wakatia sahihi mapatano ya biashara, yakiwemo ya dhahabu.

Je, siasa ya urafiki ilishindwa, kwa kuwa miezi mitano baadaye M23 walirudi? Katika kikao chetu wengi walisema ndiyo, walidanganywa. Sisi tunaona jibu si rahisi hivyo. Urafiki ule ulileta mambo yaliyoonekana kwa macho. Ila haukugusa yale mawili yaliyokuwa mezani tangu 2002, yaani FDLR waliobaki na M23 waliokuwa kambini. Ulikuwa kama nyumba iliyopakwa rangi wakati nguzo ina mchwa. Rangi haina kosa.

Jambo jingine la nyakati hizi: milango mingi kwa pamoja. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ikawa na mazungumzo ya Nairobi kwa makundi yenye silaha, ya Luanda kwa Rwanda, kikosi cha Afrika Mashariki kuanzia Novemba 2022. Balozi wa Rwanda alifukuzwa Oktoba mwaka huo huo. Kikosi kile kiliondolewa Desemba 2023 kwa sababu Kinshasa ilitaka kipigane na M23, lakini wenye kikosi walikiona kama kikosi cha kusimama katikati. Nani alikuwa na haki? Swali hilo halijibiki, kwa sababu pande mbili hazikuwa zimekubaliana lengo tangu mwanzo. Turudi tu kwenye swali letu la kwanza.

Mkutano wa Luanda wa tarehe 15 Desemba 2024 haukufanyika, maana Rwanda ilitaka Kongo ikubali kuzungumza uso kwa uso na M23 na Kongo ikakataa. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Halafu mwezi wa Machi Tshisekedi na Kagame wakakutana Doha, na mwezi wa Aprili wajumbe wa Kinshasa na M23 wakatoa tangazo la pamoja kule kule Doha. Yaani Kongo ilifika mahali pale ilipokataa kwenda, baada ya kupoteza miji miwili mikubwa. Hapa tunathubutu kutoa hukumu yetu: siasa ya kukataa mazungumzo hayo, kama ilivyofanywa mwaka 2022 hadi 2024, haikufaa kwa kipimo chake yenyewe. Wapo wasomaji watakaosema kwamba kukubali mapema kungekuwa kuwapa zawadi waliochukua silaha. Hoja hiyo ni ya heshima. Lakini anayeitoa adai pia aonyeshe kukataa kule kulileta nini.

Na kabla wiki moja haijapita tangu sahihi za Washington za Desemba 2025, M23 waliingia Uvira. Siku chache baadaye walitangaza kwamba wataondoka kwa ombi la Marekani. Mambo haya mawili, kuingia na tangazo la kuondoka, yanafundisha zaidi juu ya nani anamsikiliza nani kuliko sherehe yenyewe.

Mizani hiyo hiyo kwa jirani

Kikundi chenye haki kinageuza mizani. Rwanda nayo ina siasa ya nje kwa Kongo, na lengo lake imelitaja tangu 1996: kuondoa hatari ya wale waliofanya mauaji ya 1994 na wafuasi wao, na kulinda Watutsi wa Kongo wasitukanwe na kuuawa. Tuipime kwa maneno yake. Ni kweli kwamba maelfu ya wapiganaji wamerudi Rwanda tangu 2002, wengi kwa hiari yao kupitia ujumbe wa Umoja wa Mataifa, bila risasi. FDLR ya leo ni ndogo sana kuliko ile ya miaka ya 2000. Lakini kwa maneno ya Kigali yenyewe hatari bado ipo, baada ya miaka karibu thelathini na vita kadhaa. Na Watutsi wa Kongo, Banyamulenge na wengine, je, leo wanaishi kwa amani zaidi na majirani zao wa vijiji kuliko 1996? Waulizeni wenyewe. Sisi tuliowauliza tulipata majibu ya uchungu, kwamba kila vita inayotangazwa kwa ajili yao inawaachia chuki mpya.

Tuligundua kwamba sehemu hii ya somo ndiyo inayotuliza kikao. Mtu akiona kwamba mizani haikutengenezwa kwa ajili ya kumpiga yeye, anakubali kupima.

Vipimo vya mpakani

Turudi kwa mama wa sambaza. Viongozi humwona kama mtu wa mambo madogo. Sisi tunaona kipimo chake ni bora kuliko vingi, kwa sababu tatu: kinaonekana kila siku, hakiwezi kufichwa, na kinahusu watu wa pande mbili.

Wenye umri wanakumbuka kwamba mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL hapo Gisenyi. Kwa jetoni tu, kikaratasi cha kuvukia, mtu alikwenda na kurudi. Kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi, wengi wao wanawake wenye beseni kichwani. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwenye bariyeri ndogo, saa ya kufunga ilirudishwa hadi saa tisa alasiri. Kwa muuza nyanya anayevuka mara tatu kwa siku, hiyo ni safari moja iliyokatwa, na nyanya hazingoji kesho. Hata hivyo, mtambo wa umeme wa Ruzizi II, ambao ni mali ya nchi tatu kupitia SINELAC, haukugawanywa wala kuvunjwa na vita vyote hivi. Wahandisi wa nchi zinazotukanana redioni wanajua namba za simu za wenzao. Siasa gani inalinda jambo kama hilo? Tungependa kikundi kimoja kitufanyie uchunguzi huo.

Kipimo cha mzee wa Masisi nacho kinaandikika: ni watu wangapi wamerudi mashambani na kuvuna? Oktoba 2023 shirika la IOM lilihesabu wakimbizi wa ndani milioni 6.9 katika Kongo nzima. Hesabu ya namna hiyo, ikiangaliwa kwa kila wilaya na kila mwaka, inasema mambo ambayo hakuna tangazo la waziri litakayoyasema. Ila tahadhari: watu hurudi pia kwa kulazimishwa, kama kambi za pembeni ya Goma zilivyovunjwa mwanzoni mwa 2025. Anayehesabu lazima aulize pia kama aliyerudi alitaka kurudi.

Kwa kikao chenu, chukueni karatasi kubwa na kalamu. Juu andikeni tarehe ya leo na siasa moja tu mnayotaka kuipima, kwa mfano mapatano ya Washington. Kila mmoja aseme ni kitu gani, kinachoonekana kwa macho, kitakachomfanya aseme imefaa, na kitu gani kitakachomfanya aseme haikufaa. Yaandikeni yote, hata yanayopingana, na msiruhusu mtu aseme "tutaona". Mtu akisema bariyeri, andikeni saa. Mtu akisema shamba, andikeni kijiji na msimu. Mtu akisema askari wa jirani waondoke au FDLR wamalizwe, mwulizeni atajuaje, nani atamwambia, na kama atamwamini huyo. Kisha kunjeni karatasi, mpeni mtu anayeaminiwa na pande zote aitunze. Ifungueni baada ya miezi sita, mkiwa watu wale wale. Sisi karatasi yetu ya kwanza tulimpa mama wa sambaza. Anaiweka pamoja na jetoni zake za zamani.